Kilo Tatu za Lukusa

Katika mji wa Kamina hakuna bondia mwenye jina tupu. Jina hufuatwa na kilo zake, na ukimtaja mtu bila kilo utaulizwa unamsema nani. Gamaliel kilo tisini na sita. Lukusa kilo hamsini na tatu. Na kilo hizo zote zilitoka kinywani mwa mtu mmoja, Sauda binti Amuri, muuza mahindi wa karibu na stesheni, mwanamke mwenye sauti ambayo hata treni ikipiga honi haiizimi.

Mizani aliirithi kwa baba yake, mfanyabiashara wa ukoo uliotoka Maniema zamani. Chama cha ndondi hakikuwahi kuwa na mizani yake. Kwa hiyo kabla ya kila pambano mabondia walipanga foleni ghalani kwa Sauda, kifua wazi, miguu mitupu, katikati ya magunia. Alisogeza kipande cha chuma taratibu mpaka mkono wa mizani ukatulia, kisha akapaza sauti kutaja kilo, na watu wote wakarudia baada yake. Watu wakishaitikia, yamekwisha. Hata wanajeshi wa Base, kambi kubwa ya jeshi nje ya mji, ambao hubishana na kila mtu, hapo walifunga midomo.

Sokoni mtu akisema, "Nimepimiwa kwa Sauda," hakuna aliyepima mara ya pili. Jambo hilo Sauda alijivunia kuliko nyumba yake ya matofali, na nyumba hiyo aliipenda sana, msimwone hivi.

Mwaka huu chama kikapata ukumbi wake, bohari la zamani lililoezekwa upya. Ukutani kulikuwa na nafasi ya jina moja tu, jina la bingwa mkubwa kuliko wote waliotoka Kamina. Hapo mji ukagawanyika, nusu kwa Gamaliel, nusu kwa Lukusa. Siku ya kuchagua, watu walijaa ukumbini, na mizani ya Sauda ikaletwa kwa mkokoteni, maana walitaka kuizindua pamoja na jengo. Mchoraji alikwisha kuandika majina yote mawili, na kilo zake, kwa chaki ukutani, moja upande huu, moja upande ule, akisubiri aambiwe lipi alipake rangi.

Malachie, katibu wa chama, alikuwa wa Gamaliel.

"Mapigano makumi mbili na moja, bantu kumi na munane balilala chini! Mukono moja tu, paf! Njo champion, ile."

"Na mu province muzima mulikuwa ba poids lourd, bale bazito, bangapi?" Bilonda, muuza maandazi, alimdaka hapohapo. "Batatu! Alikuwa anabapiga balebale, banaamuka, anabapiga tena. Lukusa alipigana miaka kumi na tano. Mara makumi sita! Ni nani alimuona Lukusa chini? Sema, nani?"

"Lakini bale ba Lukusa balikuwa badogo."

"Na yeye alikuwa nini, tembo?"

Watu wakacheka. Gamaliel mwenyewe, mwanajeshi mstaafu, alicheka kuliko wote, na benchi alilokalia likalia chini yake. Lukusa hakucheka. Alikaa karibu na mlango, mtu mdogo mwenye mikono ya fundi baiskeli, akijifanya hajali. Nani asingejali? Wazazi wake walifukuzwa pamoja na watu wengine wenye asili ya Kasai miaka ile ya tisini na mbili na tatu, akapandishwa behewa akiwa mtoto, akarudi Kamina akiwa kijana asiye na kitu ila ngumi zake. Mtu kama huyo kuona jina lake kwenye ukuta wa mji huu si jambo dogo.

"Mama Sauda," Malachie akasema, "weye njo ulibapimaka bote. Kilo makumi kenda na sita, kilo makumi tano na tatu. Tutalinganisha namna gani? Sema weye."

Sauda aligeukia ukuta. Alikuwa akiitazama ile chaki: LUKUSA KILO 53.

Mara moja tu katika maisha yake Sauda alitaja kilo za uongo, na ndizo hizo.

Ilikuwa miaka zaidi ya ishirini iliyopita, ubingwa wa jimbo. Uzito mdogo kabisa ulikuwa umefutwa kwa kukosa watu, na uzito uliofuata, poids coq, ulitaka kilo zaidi ya hamsini na moja. Lukusa alipanda mizani akiwa na koti, akasema ana homa. Alipokanyaga, mifuko ya koti ililia chuma kwa chuma. Sauda alijua. Mifukoni mlikuwa na bulon, zile skrubu nene za kufungia reli. Angemvua koti, lakini kijana alikuwa amekaa miaka miwili bila mpinzani, na macho yake yalikuwa makavu kwa kutaka sana. Basi Sauda akapaza sauti: kilo makumi tano na tatu. Watu wakaitikia. Usiku ule Lukusa akawa bingwa, na zile kilo zikamganda: kila pambano lililofuata watu walizitaja wenyewe kabla Sauda hajafungua kinywa.

Sasa akinyamaza, uongo wake utapakwa rangi ya mafuta. Akisema, mizani ya baba yake itachekwa sokoni, na huenda Lukusa akavuliwa taji mbele ya mji.

Alisimama. Lukusa akaelewa, naye akasimama.

"Mama Sauda, acha. Minyi siko na lazima ya kuandikwa."

"Minyi niko na lazima ya kusema," Sauda akasema. Kisha akasema yote, koti, bulon, na kelele yake yeye mwenyewe. Hakujitetea.

Malachie ndiye aliyeanza. "Basi alidanganya. Ile taji si yake."

"Ngoja," Gamaliel akasema. Aliinuka, na ukumbi mzima ukamtazama. "Mama, aliongeza ao alipunguza?"

"Aliongeza. Kilo tatu."

"Ba boxeur bote ninabajua minyi banafungaka chakula juu ya kupunguza, bapate kupiga badogo. Huyu aliongeza, apate kupigwa na bakubwa. Na hakuanguka!" Akageuka kwa Malachie. "Minyi sikupiganaka na muntu ananishinda kilo, hata siku moja. Usinilinganishe naye. Mama, umupime tena."

Lukusa akavua viatu, akavua shati, mbavu zikaonekana zote. Akapanda. Sauda akasogeza chuma. Mkono ukatulia. Akavuta pumzi, akapaza sauti kama alivyopaswa kuipaza miaka ile:

"Kilo makumi tano!"

Hakuna aliyeitikia. Sauda alisimama pale, fahari yake yote ya maisha ikining'inia kwenye vinywa vya watu wengine. Kisha sauti nzito ya Gamaliel ikarudia peke yake, "Kilo makumi tano!" Bilonda akafuata, kisha benchi la nyuma, kisha wote, mpaka Malachie naye, kwa shingo upande.

Sauda alilia waziwazi, wala hakujifuta. Mchoraji akafuta ile tatu kwa kiganja, akaandika sifuri, akafungua kopo la rangi.