Jogoo wa Marehemu

Sikumpenda jogoo yule tangu mume wangu alipomleta. Alikuwa mwongo. Aliparura majivu na kuita kwa ile sauti ya aliyeokota punje, mitetea wangu wakaja mbio, wakakuta hakuna kitu. Papo hapo anashusha bawa moja, anazunguka kwa madaha, anamkamata mmoja utosini na kumpanda. Mgongo wa mtetea mwekundu ulibaki ngozi tupu. Na mwaka ule ulikuwa wa njaa. Wajerumani walikuwa wamechoma vihenge vyote kutoka kwetu Msamala mpaka Maposeni, tukawa tunakula mizizi. Kumdanganya mtu kwa chakula wakati ule ulikuwa ushenzi.

Hata hivyo nilimtunza. Wenzangu waliwachinja majogoo tulipokimbilia porini, wasije wakawika na kuwaita askari. Wangu nilimfunika kwa tenga fupi, maana jogoo asiyeweza kuinua shingo hawiki. Bila yeye mitetea wasingeangua, na bila kuku ningekula kwa mkono wa shemeji.

Huyo shemeji alikuwa mdogo wa mume wangu. Mume wangu alikunywa maji ya dawa ya kuzuia risasi za Wajerumani, akaenda vitani, hakurudi. Nyumbani kwetu mitetea walikuwa mali ya mwanamke, lakini jogoo alikuwa wa mwenye nyumba. Tuliporudi tu kwenye majivu ya nyumba yetu, shemeji akaja kurithi vyote viwili: jogoo na mjane.

"Mali ya kaka ni yangu," alisema. "Jogoo namchukua leo. Wewe utanifuata mwenyewe, mitetea wako wakianza kutaga mayai yasiyo na kitu."

Nilimchukia. Nikamshika jogoo miguu, nikampa. Nasikia alimla siku ileile.

Mwanamume yule hakuwahi kufuga kuku. Mtetea aliyepandwa hubaki na mbegu kwa siku kadhaa baada ya jogoo kuondoka. Kila yai lililotagwa nililiweka akiba, kisha nikamwatamisha mtetea mwekundu, nami nikashinda na njaa huku mayai yapo palepale mbele yangu. Mara nyingi nilitaka kuyachemsha. Yalipoanguliwa nililia, na kilichoniliza zaidi kilikuwa hasira.

Habari zikamfikia shemeji. Akaja tena, akasimama uani, akawatazama vifaranga.

"Hawa ni damu ya jogoo wa kaka," alisema. "Kwa hiyo ni wangu, na wewe pia."

Nilikuwa natwanga mizizi mikavu. Nikautoa mchi kinuni.

"Chagua anayefanana na kaka yako, shemeji," nilimwambia, "umchukue."

Aliwatazama vifaranga, akautazama mchi. Kisha akageuka akaenda zake, na sikumpa hata maji ya kunywa.