Chai ya Kupatana

Juzi nilikuwa katika hoteli moja mjini Mwingi, huko Kitui, nikila chapati na ndengu, wanasiasa wawili wakaketi meza ya pili. Ni wa chama kimoja, ambacho bado hakijachagua mgombea wake wa urais. Mmoja ni wa Kitui na anampigia debe mwana wa huko, mwingine ni wa Makueni na anampigia debe mwana wa kwao. Walikuja kupatana, na walikuja na wapiga picha.

Mama anayehudumu pale akaleta flaski moja na vikombe viwili, akawamiminia.

"Anza, mheshimiwa. Wewe ndiye mkubwa," wa Kitui akasema.

"Hapana, ndugu yangu. Huku ni kwenu. Mwenyeji ndiye huonja kwanza, mgeni aondoe shaka."

Wa Kitui akacheka kidogo, akakizungusha kikombe mezani. Kisha wakaviinua vyote pamoja hadi midomoni, wakatulia hapo mpaka kamera zikamaliza. "Sisi ni kitu kimoja," wakasema, wakakumbatiana, wakaondoka kila mtu na gari lake.

Mama akaja kupangusa meza. Vikombe vilikuwa vimejaa vile vile alivyovijaza, chai imeanza kushika utando.

"Hata hawakuonja," akaniambia. "Na maziwa ni ya ng'ombe wangu."

Ile picha mtaiona, na mtaambiwa chama kimeungana. Mimi niliviona vikombe.

Mama akanisogezea flaski. "Kunywa wewe basi, imeshalipiwa."

Nikamwambia nimeshiba. Chapati yangu ilikuwa bado nusu.