Ng'ombe wa Sein Bado Yuko Nje

Bado nafungua chat yetu nikingoja uandike, "Mkamba wangu, umeamka?" Akili imekataa, wapendwa. Imekataa kabisa.

Jirani yangu, mlango kwa mlango hapa Kitengela, ametuacha. Kifua tu! Kikohozi kidogo, tukasema ni vumbi. Jana tumemzika kwao Umaasaini, ndani huko kupita Kisaju.

Jina lake sitaandika. Babake ameniomba, kwa wazee wao jina la aliyeenda halitajwi ovyo. Nitasema Mama Sein, vile nilimwita kila siku.

Wengi mlimjua kama yule wa shanga. Hamkujua alikuwa artist. Zile ng'ombe za mtandao, picha zenye watu wananunua na kila moja iko na mwenyewe, ni yeye alichora.

Alichorea kwa kitanda changu, maana kwake network ilikuwa inapotea. Watoto wetu wanalia, githeri inachemka, nguo mbichi zimening'inia juu ya kichwa, na yeye ameinamia tablet kama mtu anatoa mwiba.

Hakuchora ng'ombe mzima. Alichora vipande. Pembe peke yake, ngozi peke yake, macho, kengele, masikio. Kompyuta ndio ilikuwa inaokota huku na huku inaunganisha. Pembe za kawaida zinaenda kwa wengi. Kengele ya shaba inaenda kwa wachache, na hiyo ndio wanaita rare, watu wanaipigania.

"Sasa mtu akitaka ya kengele, anachagua?" nikamuuliza.

"Hakuna kuchagua, Mama Mumo. Ni kama crisps za watoto ziko na sticker ndani. Unanunua, unafungua, unajionea."

Hapo ndipo ng'ombe wetu alipotelea.

Sein alipozaliwa, babu yake alimpea ndama mwekundu, akamkata sikio la kushoto alama ya boma lao, pengo kama jani limeumwa na kiwavi. Kwao mtoto na ndama wanakua pamoja. Ukame ukaja, ng'ombe wakaisha. Wa Sein pia alienda, hata kabla mtoto ajue kusema "ng'ombe".

So Mama Sein akachora hilo sikio. Akamwambia boss wa hiyo project ya ng'ombe liwekwe kwa ng'ombe mmoja tu, mwekundu.

"Huyu ni wa Sein," akaniambia. "Si mimi ndiye nimemchora? Watanipea."

Kwa shanga ni hivyo. Ukishona mikufu mingi, ule roho yako imependa unajifichia, hakuna mtu anakuuliza. Alidhani na huku ni vile vile.

Siku ya kugawa kila mnunuzi alipata picha ileile: lango la miiba, limefungwa. Mama Sein pia akapewa lake, ndio shukrani ya artist. Siku ya reveal malango yote yanafunguka pamoja. Tukakaa kwa kitanda tumeshikana mikono. Lango likafunguka.

Ng'ombe mweupe. Amevaa miwani ya jua.

"Uuuwi! Mkamba, nimepewa mtalii!"

Tulicheka mpaka Mumo akaamka. Halafu nikaona nacheka peke yangu.

Akapigia boss. Nilisikia na masikio yangu: "Sister, ni random. Hata mimi siwezi gusa. Ikienda imeenda."

Na ng'ombe mwekundu tunamwona mpaka leo, page iko wazi kwa kila mtu. Lakini chini yake hakuna jina la mwenyewe, ni herufi na namba zimefuatana tu, hazina sura. Anaweza kuwa Japan, anaweza kuwa hapo Tuala. Ni kama umesimama kwa fence ya waya ya mtu, mnyama wako anakula nyasi ndani, na hakuna lango, hakuna askari wa kuuliza. Sisi wa Kitengela tunajua waya, malisho yote yamezungushiwa.

Kila asubuhi alifungua hiyo page, anaangalia, anafunga.

"Si uchore mwingine?" nikamwambia siku moja.

"Sina ruhusa. Hilo sikio likirudiwa si rare tena, hivyo ndio tulikubaliana." Akafuta screen na leso. "Alama ya babangu, na siwezi kuichora. Nimejifungia nje mwenyewe."

Nilimpea chai.

Jana baada ya mazishi, Mzee, babake Mama Sein, akaniita. "Nionyeshe." Nikamwekea simu karibu na macho. Aliangalia sikio, hakuangalia kingine.

"Ni nani amemshika?"

"Hatujui, Mzee."

"Anajua kusoma sikio?"

"Sidhani."

"Basi si mwizi. Ni mtu hajaambiwa. Mwambie."

Ndio naandika. Wewe uko na ng'ombe mwekundu, sikio la kushoto limeumwa kama jani: huyo sio rare. Huyo ni wa mtu. Ni wa msichana mdogo, ameshika sketi yangu hapa nikiandika. Hukufanya kosa, ulipewa na bahati. Tuko na mweupe wa miwani, dadake Mama Sein anamtunza. Tafadhali tubadilishane. Na nyinyi wengine, share mpaka imfikie. Naamini itamfikia.

Mama Sein, uliniambia mkiwa watoto babako hakufunga lango la boma kama ng'ombe mmoja bado hajaingia, hata fisi wakilia. Mlisimama hapo na baridi yenu, mkiita.

Sasa wewe ingia ndani, dada. Umechoka. Lala salama, mimi nimebaki hapa langoni, bado naita.