Kurasa za Kifaransa

Mwaka wa pili wa korona ofisi ya huduma za wazee ilinipangia kumhudumia bibi mmoja Mpolandi aliyeishi peke yake Lidcombe, Australia. Nilikwenda kwake kila asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa treni iliyokuwa tupu kutoka Quakers Hill. Nilimwogesha, nikampa dawa, nikampikia uji wa shayiri. Alikuwa na miaka themanini na minane. Mikono ilimtetemeka na macho yalikuwa yamefifia, lakini sauti yake ilijaza nyumba nzima, kwa sababu zamani alikuwa mwigizaji.

Mwezi wa kwanza tu, barua ilimfikia kutoka kwenye thieta ya mji wake. Walikuwa wanaandika historia yao, wakamwomba kumbukumbu zake. Aliniambia nimtafutie daftari, kisha akaniambia niandike, maana yeye hakuweza tena kushika kalamu.

Niseme ukweli: barua ile ilinichoma. Kabla ya kuja Australia nilikuwa mwalimu wa Kiswahili Nakuru, na kwa miaka tisa niliongoza kikundi cha maigizo cha shule ya wasichana. Tulishinda mkoani mara tatu. Hakuna aliyewahi kuniandikia barua kuniuliza nakumbuka nini. Na huyu, mtu wa mji mdogo ambao hata Wapolandi wengine hawaujui, thieta yake ilikuwa imemtafuta mpaka upande wa pili wa dunia.

Hata hivyo niliandika, tena kwa hamu. Alinisimulia kwa Kiingereza chake cha kukatakata jinsi vita vilivyokwisha, mpaka wa nchi ukasogezwa, na waigizaji kutoka mji wa mashariki wakapakiwa kwenye mabehewa pamoja na maleba yao na pazia moja jekundu. Walishushwa katika mji ambao wenyeji wake walikuwa wamefukuzwa. Wakapewa ukumbi uliokuwa wa kiwanda cha bia. Majira ya baridi ya kwanza hapakuwa na moto, kwa hiyo kila mtazamaji alikuja na kipande cha makaa ya mawe, akakiweka mlangoni. Yeye alikuwa msichana mdogo wakati huo, na kipande cha mama yake ndicho kilichomfikisha thieta kwa mara ya kwanza.

Alipokua aliajiriwa pale pale. Kundi lilikuwa moja, watu wale wale, lakini michezo ilibadilishana: leo malkia, kesho mjakazi, keshokutwa mchawi katika mchezo wa watoto. Asubuhi walifanya mazoezi ya mchezo mpya huku jioni wakicheza wa zamani. Jumatatu walipanda basi kwenda vijijini, wakacheza katika kumbi za wazima moto. Siku ya zoezi la mwisho mtu wa serikali alikaa safu ya tatu na kukata maneno asiyoyapenda. Niliuliza maswali mengi, naye akafurahi. Dakika zangu za kazi zilipokwisha, niliandika nikiwa nimesimama, begi begani. Nilianza kuiona historia ile kuwa yangu.

Kisha akaja mwenzangu wa wikendi. Alikuwa dada wa Goma, mpole, aliyewahi kufanya kazi ghalani Wetherill Park kabla ya kusomea uuguzi wa wazee. Hatukuonana sana. Tulijuana kwa karatasi za zamu zilizobandikwa kwenye friji na kwa simu fupi kuhusu dawa. Sikuwa na neno naye, mpaka Jumatatu moja nilipofungua daftari na kukuta kurasa sita za mwandiko wa mtu mwingine, wa kulala na kuunganika, kwa Kifaransa.

Nilimuuliza bibi amemweleza dada nini. Akasema mambo madogo tu. Alijifunza Kifaransa shuleni, akaeleza, na ilikuwa miaka mingi hajapata mtu wa kuzungumza naye. Uso wake ulikuwa laini namna ambayo sikuwa nimeiona.

Jumatatu iliyofuata kurasa zilikuwa kumi na moja. Nilijaribu kuzitafsiri kwa simu, simu ikashindwa na mwandiko. Bibi akaanza kunitajia: jana dada alinipikia supu ya boga, jana dada alikaa hadi saa kumi na moja. Mimi nilipofungua daftari alisema amechoka. Nilianza kumchukia mtu niliyemwona mara mbili tu, tena nyuma ya barakoa. Nilichukia hata namna alivyokunja taulo.

Sasa, wakati ule amri zilikuwa kali, hasa upande wetu wa magharibi mwa jiji. Ofisi ilituambia tufanye kazi tuliyotumwa na tuondoke, asikae mtu kupiga soga. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikaa. Lakini Jumanne moja, nikiwa kituoni nasubiri treni, niliandika ujumbe kwa msimamizi wetu kwamba mfanyakazi wa wikendi anapitisha saa nyingi kwa mteja na nina wasiwasi na afya ya bibi. Niliutuma kabla treni haijafika. Nilijiambia ni wajibu.

Wikendi ile ile alihamishiwa kwa mteja mwingine.

Bibi hakulia wala hakulalamika. Alikunywa uji wake, akaniambia daftari limekwisha, nichape yote na kuyatuma. Nilimwambia kurasa za Kifaransa siziwezi. Akajibu, "Basi mtafute aliyeziandika."

Ilinichukua siku nne kupiga simu ile. Jumapili mchana, baada ya ibada ya mtandaoni, nilikaa jikoni na kompyuta, nikampigia dada wa Goma, nikamtumia picha za kurasa. Alianza kusoma polepole, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, nami nikachapa.

Mwanzoni yalikuwa mambo ya jukwaani. Kisha akatokea mwigizaji ambaye bibi hakuwahi kunitajia hata mara moja. Walikuwa wa umri mmoja. Kwa miaka kumi na mmoja walijipaka poda mbele ya kioo kimoja na kupokezana nafasi zile zile, huyu leo, yule kesho, na mji mzima ulibishana nani bora. Halafu ikatangazwa sheria ya kijeshi, vifaru mitaani. Thieta ilipofunguliwa tena, kundi liliagizwa kuwachezea wakubwa wa serikali. Yule mwenzake akakataa kupanda jukwaani. Ikaandikwa karatasi ya kumfukuza, ikawekwa mezani ili kundi litie sahihi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeinuka.

Dada akasoma: "Niliinuka mimi wa kwanza. Kalamu ilikuwa yangu. Mchezo wa majira ya kuchipua ulikuwa na malkia mmoja, na nilijua watampa yeye."

Niliacha kuchapa. Nilimwambia dada kwamba ni mimi niliyeandika ofisini.

"Nilijuaka, dada," alisema. "Bureau walinisomea message yako."

"Na bado unanisomea?"

"Hii ni ya ule mama muzee, haiko yako. Tuendelee."

Tukaendelea mpaka mwisho. Hakunitukana, wala hakuniambia kwamba amenisamehe. Ningependa angalau mojawapo.

Kesho yake nilimpigia msimamizi nikakiri kwamba mimi pia nilikuwa nikikaa kupita saa zangu, na kwamba bibi hakuwa amedhurika kwa lolote. Nilionywa kwa maandishi. Kisha, nikimchana bibi nywele, nilimuuliza kwa nini hadithi ile alimpa mwingine.

"Wewe ulikuwa ukinitazama kama watu wa safu ya kwanza," alisema. "Kwako nilikuwa naigiza. Mtazamaji mzuri hivyo, ningemsimulia lile ili aondoke?"

Alidhani amenisifu. Nilitoka pale nikiwa na wivu zaidi kuliko nilivyoingia.

Tulituma kila kitu, pamoja na kurasa zile. Vikwazo vilipolegezwa, dada alirudishiwa wikendi zake, kwa ombi la bibi na langu. Mwaka uliofuata kitabu kilifika kwa posta. Bibi alitaka tukifungue wote watatu, kwa hiyo nikaenda Jumamosi, siku yangu ya mapumziko. Kilikuwa Kipolandi kitupu. Kwa kuwa bibi mwenyewe ndiye aliyeomba, thieta ilikuwa imechapa picha ya yule mwenzake ukurasa mzima, amevaa taji. Ya bibi ilikuwa ndogo, pembeni, ana kikapu mkononi.

Aliileta picha kubwa karibu na jicho lake lenye nafuu, akaitazama muda mrefu. Nilifikiri atalia. Akasema jambo kwa Kifaransa, na dada akacheka mpaka akashika meza.

Niliuliza amesema nini.

"Anasema ile pua hawakupiga vizuri," dada akaniambia akifuta macho. "Anasema kwa kweli ilikuwaka mubaya zaidi."

Nikacheka na mimi, lakini wao walikuwa wameshamaliza.