Utingo wa Baba

Mkweche wa baba ulikuwa na magonjwa mengi, na yote tuliyajua. Rejeta ilivuja, kwa hiyo hatukutoka nyumbani bila madumu ya maji. Tangi la petroli lilikuwa limetoboka chini, fundi akaliziba kwa sabuni ya mche. Stata ilishika siku ikijisikia. Ikikataa, tunashuka kusukuma, mama naye kitenge amekikaza kiunoni, anasukuma huku anasema. Breki ndizo usiseme. Tairi moja la nyuma lilikuwa likimwaga mafuta ya breki, na spea iliyotoka Dubai haikumaliza hata mwezi, basi fundi akalikunja bomba linalopeleka mafuta kwenye tairi hilo, akaliponda kwa nyundo, akasema matairi matatu yanatosha kusimamisha gari. Toka siku hiyo ukikanyaga breki sharti upampu, ukanyage na kuachia mara kadhaa, na gari linavutia kulia. Gereji zote za Dodoma zilikuwa zikifanya hivyo, wala hakuna aliyeona ajabu.

Ugonjwa ambao hatukuujua ulikuwa wa dereva.

Baba aliendesha magari ya serikali maisha yake yote. Alistaafu miaka ile maduka yalipojaa vitu ghafla na wakubwa walipoanza kuagiza magari yaliyotumika Japani. Bosi wake mmoja akapata la kwake kutoka huko, lile lake la zamani, gari dogo jeupe la saluni, akamuuzia baba. Kiinua mgongo chote kikaishia pale. Mama alikuwa anataka bati za nyumba, akanuna msimu mzima, na mvua ilipotuvujia alikuwa anamwambia baba aende akalale kwenye gari lake. Lakini mtu aliyeendesha magari ya wenzake mpaka akaota mvi, ukimnyima la kwake utakuwa unamwonea.

Kisha baba akaanza kulalamikia taa. Akanunua balbu, akabadilisha, akasema hazina nguvu. Akahamia kwenye kioo cha mbele, kwamba kimekwaruzika. Akatafuta kingine kwenye gari lililokatwa vipande, tukakaa bila sukari, akakifunga, na siku ya pili akasema nacho kina ukungu. Mimi nilikuwa mwalimu tayari, nimesoma, na sikuelewa kitu. Nilichoona ni kwamba gari lile linatufilisi.

Nilielewa siku moja tukitoka Makutupora, ambako mama alikuwa na kishamba cha zabibu. Tulikuwa wawili tu garini. Baba akapunguza mwendo, akaegesha, akainama upande wangu na kukisukuma kioo kwa kiganja, maana mpini wa kukishushia ulishavunjika. Akasema kwa adabu zote, "Habari za leo mama? Kama unaelekea mjini, panda twende."

Nje palikuwa na gunia la mkaa, limefunikwa kanga kuukuu.

Nikacheka, nikidhani ananitania. Nilipomgeukia, nikaona anasubiri jibu. Nikasema yule mama haendi, na tukaondoka, na njia nzima hadi mjini nilikuwa nimeshikilia kiti kwa mikono miwili.

Sasa mwambie baba yako mzazi kwamba haoni, naye ni dereva. Utaanzia wapi? Sikusema. Nilichofanya ni kukalia kiti cha mbele kila safari, nikawa napiga kelele. Baba, mbuzi! Baba, baiskeli kushoto! Baba, kuna shimo hapo! Watu wa mtaani wakanicheka kwamba mwalimu gani huyu muoga. Mama akaniuliza mtoto wa dereva anaogopaje gari. Baba mwenyewe alisema ningezaliwa mwanaume ningekuwa utingo mzuri wa lori, yule anayechungulia dirishani na kumwitia dereva njia. Wacheke tu. Uoga ulikuwa wa kweli, kila safari roho ilikuwa mkononi. Niliogopa kwamba baba atatuua, na tukipona sisi, ataua watoto wa watu.

Asubuhi moja dereva wa lori, rafiki yake baba, alipita nyumbani na habari kwamba mjomba, kaka yake mama, amefariki usiku kule Busi, Kondoa, na wanazika alasiri. Mabasi ya Kondoa yalikuwa yameshaondoka. Mama alikaa chini palepale mlangoni akaanza kulia. Baba akachukua funguo. Nilitaka kumzuia, lakini huwezi kumwambia mama asiende kumzika kaka yake.

Baada ya Makutupora barabara ilikuwa ya vumbi tupu. Gari likachemka, tukasimama. Baba akafungua rejeta kwa kitambaa, akamimina maji taratibu, akapapasa mipira yote ya maji kwa vidole. Kwa kazi hiyo hakuhitaji macho. Tukaendelea, mimi naita njia, mama kiti cha nyuma analia na katikati ya kilio ananiambia ninyamaze, namtia kichaa.

Tulikuwa tumeanza kuteremka kuelekea korongo moja la mchanga pale lori lilipotupita. Vumbi likafunika kila kitu. Liliponyanyuka kidogo niliona pembe. Ng'ombe walikuwa wanapanda kutoka korongoni, kundi zima, wamejaza barabara, na sisi tunakwenda. Nikafungua mdomo na sauti ikakataa. Nilikuwa nimekauka kwa woga, natazama tu zile pembe zinavyokuja.

Baba akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usininyamazie."

Huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Hakuwa amegeuza uso, alikuwa ameinamia usukani kama mtu anayesikiliza redio mbovu.

"Ng'ombe," nikasema. "Wamejaa. Kushoto kuna nafasi. Kushoto, baba, kushoto!"

Akapampu breki, gari likavutia kulia kwa ng'ombe kama kawaida yake. Akarudisha gia, injini ikapiga yowe, akaukata usukani kushoto kwa nguvu, tukaingia kwenye mchanga na kuzimika. Ubavu wa ng'ombe mmoja ulikuwa umegusa kioo changu. Mchungaji akaligonga boneti kwa fimbo, akatusema kwa Kigogo mpaka akachoka, kisha akawasukuma ng'ombe wake. Mama nyuma alikuwa anamshukuru Mungu kwa kumpa mume dereva.

Baba alishuka kutazama tairi, nami nikashuka. Tulisimama nyuma ya gari, mama hatusikii.

"Umejua tangu lini?" baba akauliza.

"Tangu lile gunia la mkaa."

"Ndiyo maana hakuitikia," akasema. Kisha akaniomba nisimwambie mama kabla hajamzika kaka yake.

Tulifika Busi jeneza limeshatolewa uani. Watu wakampokea baba kwa heshima, wakamsifu kwa kukimbiza gari kutoka Dodoma, dereva ni dereva tu. Naye akawasalimu wote vizuri, akiwatambua kwa sauti. Wakamwita mbele, maana shemeji hawezi kukaa nyuma siku kama ile. Na kwetu wanawake hatuendi makaburini. Nilisimama ukingoni mwa uwanja pamoja na wengine, nikamwona akiweka mkono kwenye ubavu wa jeneza na kwenda nalo.

Makaburi yako ng'ambo ya korongo la hapo kijijini, na njia inapita juu kabisa ya ukingo ulioliwa na mvua. Nilikuwa sijaogopa hivyo hata kwa wale ng'ombe. Wanaume walikuwa wakipokezana jeneza kwa haraka, wa nyuma wanakwenda mbele, vumbi linapanda, na katika kupokezana huko mkono wa baba ukabaki hewani. Jeneza likaenda. Akasimama peke yake, uso ameuelekeza upande ambao hakukuwa na njia.

Nikavuta pumzi nimwite. Mama akanishika mkono kwa nguvu, macho yake yako kulekule nilikokuwa natazama mimi.

"Usimwite," akasema. "Shemeji zake watajua haoni."