Mashine ya Baba na Dhamana Iliyosahaulika

Mimi si mtu wa kuogopa karatasi zenye mihuri. Siku ile nilikuwa Bukoba mjini kuiombea mkopo kampuni yetu ndogo ya kukoboa kahawa, ile ya kwetu Kaagya, niliyoachiwa na baba pamoja na mashine yake kongwe. Watu walimwita Mzee wa Mashine mpaka anafariki.

Ofisa mikopo aligeuza kompyuta nione mwenyewe. Kwa msajili wa makampuni, mashine ile bado ilikuwa dhamana ya mkopo wa zamani wa baba, aliouchukua kwa mkopeshaji mwingine. Dhamana hiyo isipoondolewa, hawatukopeshi.

Mimi nilikereka tu. Aliyeshtuka ni mama, nilipomweleza jioni akimenya ndizi.

"Kwa hiyo hakumaliza," alisema, na kisu kikatulia mkononi.

Nilielewa alichokuwa anawaza. Baba alipomaliza mkopo ule, alikata mkungu wa ndizi mkubwa kuliko yote kibanjani akaupeleka kanisani. Alisimama mbele ya watu akamshukuru Mungu kwamba hadaiwi tena. Mkungu ukanadiwa, watu wakashindana bei kwa vicheko, na mama amesimama pembeni ya baba na gauni jipya. Sasa alikuwa anajiuliza kama mumewe alidanganya kanisani, na yeye akiwa shahidi.

Jumapili hiyo alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama yangu, mwenye benchi lake la pili kutoka mbele miaka yote! Roho iliniuma, hata mahubiri sikuyasikia.

"Uza ng'ombe, mwanangu, tulipe yaishe," aliniambia kesho yake asubuhi.

"Mama, hatulipi kitu tusichokielewa. Ng'ombe abaki zizini."

Nikaenda moja kwa moja kwa yule mkopeshaji wa zamani. Dada niliyemkuta alitafuta kumbukumbu bila haraka, akaniambia mkopo ulilipwa wote, tena kabla ya muda. Nikamuuliza, sasa dhamana inafanya nini pale? Akanieleza kwamba kulipa deni hakuifuti dhamana. Mkopeshaji anathibitisha kuwa amelipwa, kisha msajili anapelekewa taarifa, ndipo anaiondoa. Taarifa hiyo haikupelekwa.

"Mzee hakumwambia msajili kwamba amemaliza?" dada akauliza.

"Alitangaza kanisani," nikasema.

Tulicheka wote wawili. Lakini nilimwelewa baba vizuri sana. Ukishamwambia Mungu na Kaagya nzima, amebaki nani wa kuambiwa?

Nilitoka na barua ya uthibitisho, na taarifa nikaituma kwa msajili siku hiyohiyo. Mkopo ungesubiri zamu yake. Mama ndiye nisingeweza kumsubirisha. Nilimsomea barua barazani, nikarudia kwa Kihaya, neno kwa neno.

"Kabla ya muda?" aliuliza.

"Kabla ya muda, mama."

Aligeuka kuelekea kaburi la baba, kule kwenye migomba. "Wakola waitu," alisema taratibu, akimshukuru, kisha akalia, nami nikamwacha alie.

Jumapili iliyofuata alitangulia kanisani. Nilipoingia nilimkuta amesimama kwenye benchi la pili, ambako binti mmoja alikuwa ameshakaa.

"Sogea kidogo, mwanangu," alimwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Hapa anakaa mke wa Mzee wa Mashine."