Alama Kwenye Ukingo wa Sanduku

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la saba, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, nikaanza kumbebea mizigo mama mmoja aliyeuza samaki mtaani Kisumu Ndogo. Samaki walifika na barafu ndani ya masanduku meupe ya povu gumu. Yote yalifanana na wauzaji walikuwa wakichukuliana, kwa hivyo nilizoea kukata pembetatu ndogo kwa kisu kwenye ukingo wa kila sanduku letu. Nilijivunia alama hiyo.

Povu lile nilidhani nalijua. Ukilikalia hubonyea kidogo tu, likakuvumilia. Lakini likivutwa mahali penye mkato, halikupi onyo.

Likizo moja dadangu mdogo alikuja kunisaidia. Yule mama alikuwa ameahidi kumpa kazi ya kuuza mpaka shule zifunguliwe, akiridhika naye. Tulishika ukingo wa sanduku lililojaa, kila mtu upande wake, tukainua. Likapasuka kutoka juu hadi chini. Samaki wakamwagika mtaroni.

"Nani amevunja?" yule mama akauliza.

Nilikuwa nimeshaona. Ufa ulianzia pale pale kwenye alama yangu.

"Ni huyu," nikasema. "Ameliegemea."

"Kumbe umeniletea tingatinga," mama akasema, na majirani wakacheka. "Rudi nyumbani, mrembo. Utanimaliza."

 Dadangu aliniangalia mara moja, akapangusa mikono kwenye sketi, akaenda.

Sasa ana duka Kawangware, upande wa Riruta. Juzi nilimkuta akiingiza trei za mayai, moja moja, kila moja ameikumbatia kwa chini kama mtoto mchanga. Nikanyoosha mikono nimpokee.

"Ngoja nizibebe polepole," akasema akitabasamu. "Si unajua mimi na kuvunja vitu."

Hapo nikamwambia yote, macho yangu yakiwa sakafuni: kisu, alama, ufa.

Alipanga trei zilizobaki hadi ya mwisho.

"Watoto wangu huninyang'anya vikombe," akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia nina mikono mibaya."

Kila nikifika huniwekea chai kabla sijakaa. Siku hiyo hakuweka. Nilivuta stuli nikakaa karibu na mlango, na wateja wakaendelea kuingia na kutoka. Hakunifukuza. Sikuondoka.